Kibaha Juu, Kisarawe Chini

Bi Tatu alifika msibani Visiga akavaa koti la marehemu. Sijui ni nani aliyemfungulia kabati. Nilipoingia uani nilimkuta ameketi kwenye kiti cha Mzee Luhende, kofia yake ya pama kichwani, fimbo yake mapajani, anawaamuru waombolezaji kwa sauti nzito na Kisukuma cha kuokoteza: wewe kafunge ndama, wewe lete maziwa, wewe unalia nini wakati ng'ombe hawajanywa maji. Wajukuu wa Mzee Luhende walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kumvua lile koti, kwa sababu Bi Tatu ni Mzaramo na marehemu alikuwa Msukuma, na mtani akifika msibani ana ruhusa ambayo hata mjane hana. Aliponiona alininyooshea fimbo. "Huyu hapa! Huyu ndiye aliyetupanga juu na chini kwenye kompyuta!" Watu wote wakageuka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuvua kofia, akanivuta nikae mkekani karibu na miguu yake. Mimi sasa ni mtu mzima mwenye ofisi Maili Moja na vijana wanaoniita bosi, lakini pale mkekani nilijiona msichana tena, mwaka ule ambao kazi yangu yote ilining'inia kwenye safu ya vitufe sita.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta, na cheti changu kilikaa ndani ya bahasha kama picha ya harusi ya mtu mwingine. Nilikuwa nauza vocha stendi ya Mlandizi, chini ya mwamvuli uliopauka, nikibishana na makondakta mchana kutwa. Mmoja wa wateja wangu alikuwa Bwana Shayo, meneja wa ushirika wa maziwa uliokuwa na matawi mawili, la Kibaha na la Kisarawe. Siku moja, akisubiri chenji, akasema wafadhili wao wanataka ushirika uwe na tovuti, na kwamba watawapa kazi hiyo kampuni moja ya Dar. Nikamwambia, "Nipeni mimi." Alicheka kwanza. Mimi sipendi kuchekwa, nikatoa bahasha chini ya meza nikamwekea cheti juu ya vocha zake. Akakisoma mbele na nyuma, kisha akasema jambo ambalo lilinikaa tumboni miezi yote iliyofuata: "Sikiliza binti. Utaionyesha kwenye mkutano mkuu. Wanachama wakiikubali, umepata ajira. Wakiikataa, tunawapa watu wa mjini, na wewe unarudi kwenye mwamvuli wako." Nikasema sawa kabla hajamaliza kukunja cheti.

Ofisi ilikuwa Kongowe, chumba kimoja kilichoshikana na chumba cha tangi la kupozea maziwa. Tangi lile lilinguruma tangu asubuhi, na kila kitu humo kilinukia maziwa na sabuni ya kufulia, hata karatasi. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni, na kila nilipotaka kufanya kazi ilibidi nikikunje kwanza nikiweke mahali pa heshima, kwa sababu kilikuwa kimefumwa na katibu wa ushirika mwenyewe, yaani Bi Tatu wa tawi la Kisarawe. Mchana nilikula chapati na maharage kwa mama wa ng'ambo ya barabara, au nilipewa kikombe cha mtindi na Mzee Luhende wa tawi la Kibaha, ambaye alikuwa mwenyekiti na ambaye hakuamini kwamba mtu anaweza kufikiri akiwa na tumbo tupu. Dirisha langu lilitazama mahali lori lilipopakulia madumu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Asubuhi yalishushwa maziwa ya tawi la Kibaha, watu wakitaniana. Mchana jua likiwa utosini, lori lilirudi na maziwa ya Kisarawe, na sauti zikabadilika. "Yetu yamekataliwa tena," nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake. "Yamechacha. Lori likija kwetu mwisho, unategemea nini?" Nilisikia, nikaendelea kubonyeza vitufe vyangu. Nilidhani hayanihusu.

Kilichonihusu, nilivyoamini, kilikuwa menyu, ile safu ya vitufe vya kufungulia kurasa. Mwanzoni niliilaza juu ya ukurasa, kushoto kwenda kulia, kama nilivyofundishwa. Lakini Kiswahili chetu ni kirefu. Ukiandika Mwanzo, Kuhusu Ushirika Wetu, Tawi la Kibaha, Tawi la Kisarawe, halafu Bidhaa za Maziwa, skrini ndogo ya ofisi ilikuwa imekwisha, na Wasiliana Nasi ikaangukia mstari wa pili peke yake. Basi nikaisimamisha. Nikaipanga wima upande wa kushoto, neno chini ya neno. Ilianza ikiwa mbaya kupita kiasi: vidoti vyeusi pembeni, maandishi ya bluu yamepigiwa mstari, kila neno na urefu wake. Hapo ndipo nilipoipenda CSS, ambayo ni lugha ya kuuambia ukurasa uvae nini. Nikaamuru vidoti vitoke, vikatoka. Nikaondoa mistari ya chini. Nikalivisha kila neno kisanduku cha kijani cha majani ya mvua za kwanza, maandishi meupe, nafasi ya kupumua juu na chini, na uzi mwembamba mweupe wa kutenga jirani na jirani. Mshale ukipita juu ya kisanduku, kinageuka manjano ya samli, na ukiondoka kinarudi kijani. Siku ile rangi ilipogeuka mara ya kwanza nilipiga kelele, hadi dereva wa lori akachungulia dirishani kuuliza kama nimeng'atwa na nge.

Bi Tatu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuijaribu. Alikuja na miwani yake na khanga mpya, akashika kipanya kama anayeshika kifaranga, akaupeleka mshale hadi kwenye ukingo wa kisanduku cha Bidhaa, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. "Mbona haiitiki?" Nikamweleza kwamba anatakiwa kubonyeza juu ya herufi zenyewe. Akavua miwani akanitazama. "Mwanangu, mimi nimegusa mlango. Wewe unataka nitafute tundu la ufunguo?" Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Kisanduku kilionekana kizima, lakini kilichosikia kilikuwa yale maneno tu. Pembeni palikuwa rangi bubu. Nikakaa na kitabu changu cha kozi hadi nikaipata amri ya kukifanya kiungo chenyewe, yaani yale maneno ya kubonyeza, kiwe bloku, kijaze kisanduku chote, pembe hadi pembe. Nikaiandika, na papo hapo kivinjari kizee cha ofisi, ile programu ya kufungulia tovuti, kikaniwekea mapengo kati ya kisanduku na kisanduku, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikapambana na yale mapengo juma zima. Hatimaye niliona kwamba nikikitajia kiungo upana wake waziwazi, bila kukiacha kijipimie chenyewe, kivinjari kinatulia na mapengo yanafungana. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kamati ikaitwa kutazama. Wajumbe walibanana nyuma ya kiti changu, nusu wa Kibaha, nusu wa Kisarawe, na mimi nikawapitisha kwenye vitufe kimoja kimoja kwa madaha. Walisifu rangi. Kisha Bi Tatu akainama.

"Kwa nini Kisarawe iko chini ya Kibaha?"

"Nimefuata alfabeti, Bi Tatu."

"Alfabeti aliitunga nani? Msukuma?"

Mzee Luhende akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtani, si ndipo mahali penu? Nyie Wazaramo mkikaa mkekani ni nani atawanyanyua?" Bi Tatu akamrudishia lake kuhusu watu wanaolala na ndama, na nilidhani mambo yameishia hapo, kwa sababu hao wawili walitukanana hivyo kila siku ya Mungu. Lakini wajumbe wengine wa Kisarawe hawakucheka. Mmoja wao, mzee mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akasema taratibu, "Lori linaanza kwao. Sasa na kompyuta inaanza kwao. Sisi tumo kwenye ushirika huu kufanya nini?" Chumba kikapoa. Wakaondoka bila kunywa chai, na Bwana Shayo akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechachusha maziwa yao.

Nikajiona mjanja. Nikasema kama shida ni juu na chini, nitawaweka bega kwa bega. Nikakata mstari mmoja wa menyu katikati, nusu Kibaha, nusu Kisarawe, kila nusu kipimo sawa na mwenzake. Ni kazi ngumu ile ukiwa na kivinjari kizee, na ilipokaa sawa nilijipongeza kwa soda. Kuepusha lawama nyingine, safari hii niliipa Kisarawe upande wa kulia. Kamati ikarudi. Wa Kisarawe wakaridhika. Ndipo mjumbe wa Kibaha akaliuliza swali ambalo hakuna kitabu cha kozi kilichowahi kunitayarishia: "Kwa hiyo sisi ndio mkono wa kushoto?" Mkono wa kushoto na kazi zake kila mtu anazijua. Safari hii waliosusa chai walikuwa wa Kibaha, na hata Mzee Luhende alinywa kidogo. Bwana Shayo alisubiri wote watoke. "Binti, mkutano mkuu unakaribia. Watu wa Dar wangekuwa wamemaliza." Nilimjibu kwamba watu wa Dar wangeweka hivyo hivyo kwa alfabeti na ushirika ungevunjika kwa gharama kubwa zaidi. Halafu nikaenda nyuma ya chumba cha tangi nikalia kwa hasira.

Kesho yake Mzee Luhende alikuwa anakwenda Kisarawe, ng'ombe wa mwanachama mmoja alikuwa amezaa kwa shida, na akanichukua kwenye lori. "Twende ukapate hewa," akasema. "Umekaa na hicho kisanduku mpaka umefanana nacho." Tulishika njia ya Mlandizi hadi Mzenga, upande wa Kisarawe, vumbi jekundu likiingia kila mahali, na tulipofika kituo cha kukusanyia maziwa niliyaona kwa macho yangu yale niliyokuwa nayasikia dirishani: wanawake wamekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wamefunika madumu kwa magunia yaliyoloweshwa, wakinusa vifuniko na kutazamana. Walikuwa hapo tangu alfajiri. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wawili watatu tu, na dumu likikataliwa ilikuwa ndiyo siku yake nzima imekataliwa. Niliona haya kuteremka kwenye lori lile.

Mchana tulikula kwa Bi Tatu. Alikuwa amepika bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi na samaki wa kukaanga, na nilitazama jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kulitazama. Maji ya kunawa alianza kupewa Mzee Luhende. Kiti chenye mgongo, Mzee Luhende. Kipande kinene cha samaki, Mzee Luhende, huku Bi Tatu akimwambia ale haraka kabla hajawaona kuku akadhani ni ndama. Nami nilikumbuka kwamba Bi Tatu akija Visiga, ni yeye anayepewa kikombe cha kwanza cha mtindi, na Mzee Luhende husimama mpaka yeye akae. Hakuna aliyejiona ameshushwa kwa kumtanguliza mwenzake nyumbani kwake. Nikaacha tonge mkononi. Bi Tatu akaniuliza kama nimemeza mwiba. Nikasema hapana, nimeona menyu. Wakatazamana, na Mzee Luhende akasema vumbi limenipanda kichwani.

Siku ya mkutano mkuu ukumbi ulijaa hadi madirishani. Projekta ilikuwa ya kuazima, na shuka jeupe la Bwana Shayo ndilo lililokuwa ukuta wetu wa kuonyeshea. Mwamvuli wangu niliuona waziwazi kabisa, ukinisubiri stendi. Nikaanza na ukurasa wa tawi la Kisarawe, na pale shukani, wima, kijani, ikatokea menyu: juu Kibaha, chini yake Kisarawe. Kelele iliyolipuka upande wa Kisarawe sijaisikia tena hata uwanja wa mpira. Wengine walikuwa wameshasimama kuondoka. Nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo.

"Naombeni kuuliza! Huu ni ukurasa wa Kisarawe. Hapa ni kwenu. Mgeni wa Kibaha akija kwenu anakaa wapi?"

Mama mmoja nyuma akajibu, "Anakaa mbele, jamani. Atakaa wapi tena?"

"Basi amekaa mbele."

Nikafungua ukurasa wa Kibaha. Juu, Kisarawe. Chini yake, mwenyeji, Kibaha. Kicheko kilianzia mbele kikaenda nyuma kama upepo shambani, na watu waliosimama wakakaa. Lakini Bi Tatu hakuwa mtu wa kuachia jambo nusu. "Na huo ukurasa wa kwanza kabisa? Kwenye mlango mkubwa, nani mgeni na nani mwenyeji?" Nikawaonyesha ukurasa wa mwanzo. Mahali pa matawi nilikuwa nimeacha visanduku viwili vitupu, vya kijani, bila jina. "Hapo," nikasema, "hapo nimeshindwa. Ni kwenu wote wawili. Amueni, nami nitaandika mkiona."

Bwana Shayo alijishika kichwa. Bi Tatu akainuka, akajifunga khanga vizuri, akamtazama Mzee Luhende aliyekuwa meza kuu. "Mpandisheni mtani wangu juu. Mimi nikae chini yake nimshike miguu, maana hawa wakishiba maziwa huwa wanaanguka." Ukumbi ukavunjika mbavu. Mzee Luhende naye akainuka. "Sikubali! Apande yeye. Mimi nimeswaga ng'ombe toka Shinyanga, nitashindwa kumbeba Mzaramo mmoja?" Wakawa wanagombea kukaa chini, hao hao ambao matawi yao yalikuwa karibu kutengana kwa kugombea kukaa juu. Ndipo Bi Tatu akainua mkono, na sauti yake ikawa ya katibu. "Mtani, wewe utakaa juu kwenye kompyuta, milele, na mimi sitasema neno. Ila lori lianze kwetu. Nyie mko karibu, baiskeli zinawatosha kuleta maziwa Kongowe. Sisi tunachacha huku tunasubiri."

Mzee Luhende alisimama pale akitazama vile visanduku viwili vitupu, kisha akawatazama watu wake. Mtu ambaye ametoka kuapa mbele ya watu kwamba atambeba mwenzake anarudi nyuma vipi? "Nani anapinga?" akauliza. Hakuna mkono ulioinuka upande wa Kibaha. "Basi andika, binti. Na dereva asikie, kuanzia kesho." Nikaandika Kibaha, nikashuka mstari, nikaandika Kisarawe, nikahifadhi, nikauamsha ukurasa upya. Bi Tatu akaja mbele, akaninyang'anya kipanya, akausukuma mshale wake hadi ukingoni kabisa mwa kisanduku cha chini, mbali na herufi zote. Kisanduku chote kikageuka manjano. Akabonyeza, na Kisarawe ikafunguka shukani, kubwa kuliko mlango wa ukumbi. Walinibeba. Sitanii, akina mama wa Mzenga walininyanyua na kiti changu, na nilimwona Bwana Shayo kutoka juu, anapiga makofi kwa mikono miwili kama mtoto. Mwamvuli wangu nilimgawia muuza mahindi.

Nimetengeneza tovuti nyingi tangu hapo, nyingine za watu wakubwa, na menyu za siku hizi zinateleza na kukunjuka kwa njia ambazo zamani ningeziita uchawi. Lakini kabla sijaandika mstari mmoja huwa nakwenda kwanza kukaa na wenye tovuti, nile kwao, nione nani ananawishwa kwanza. Vijana ofisini wanadhani napenda kula. Waache wadhani.

Tulimzika Mzee Luhende jioni, nyuma ya zizi lake. Kaburi lilipokuwa linasubiri udongo, Bi Tatu alisogea hadi ukingoni akiwa bado na lile koti la marehemu. "Haya mtani," akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Miaka yote umekaa juu nimekushika miguu. Leo zamu yako, kaa wewe chini." Watu walicheka hadi wakashikana, na yeye alicheka nao, na ghafla alikuwa analia, mabega yote yanatikisika ndani ya lile koti kubwa, na ilibidi mimi na mjane tumshike ili asije akamfuata.

Baadaye, tumekaa mkekani na chai, Bi Tatu akaniuliza kama kile kitu chetu bado kipo. Nikatoa simu. Vijana wangu wameishona upya ienee kwenye skrini ndogo, menyu inajificha mpaka uiguse, lakini ikishuka inashuka wima, kijani kile kile. Nilimwekea kiganjani. Akakodoa macho, akapeleka kidole gumba pembeni kabisa mwa kisanduku, mbali na herufi, na Kisarawe ikafunguka.

"Inaitika," akasema.

"Inaitika, Bi Tatu."

Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akatazama yale majina mawili. "Na lori? Leo limeanzia wapi, pamoja na msiba?"

"Kwenu. Alfajiri, kama kila siku."

Akanirudishia simu, akalivuta lile koti kifuani. "Basi mwacheni akae juu."